Mwanao akikamatwa usiku, utabisha mlango gani?

MSOMAJI mpenzi, ni saa tano za usiku hapo Kaloleni. Jirani anagonga na kukuambia kwamba kijana wako amebebwa na polisi kwenye Barabara ya Jogoo. Je, utaanzia wapi? Wengi wetu huanza kwa kilio, kisha tukatafuta mtu anayemjua mkubwa fulani.

Hofu hii ina mizizi. Polisi wa kwanza nchini walikuwa walinzi wa kampuni ya Imperial British East Africa. Mnamo 1906 kikosi kikaundwa kisheria, na 1920 kikaitwa Polisi wa Kenya. Nao askari wa machifu, ambao 1929 walitungiwa sheria ya polisi wa kikabila, ndio waliozaa Polisi wa Utawala. Kazi yao wote ilikuwa kumlinda mkoloni. Aprili 24, 1954, katika Operesheni Anvil, mitaa ya Eastlands ilizingirwa na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kizuizini.

Baada ya ghasia za 2007 na 2008, wananchi walidai mageuzi. Katiba ya 2010 iliviweka vikosi hivyo viwili chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Sheria ya 2011 nayo ikaunda IPOA, halmashauri ya kiraia inayochunguza maovu ya polisi.

Kule Japani, askari wachache hukaa katika kibanda cha mtaani kiitwacho koban, wakapita nyumba hadi nyumba kuwajua wakazi. Kwetu, mpango wa Nyumba Kumi ulioletwa 2013 ulitaka majirani wajuane na washirikiane na polisi. Lakini raia hatamwendea askari anayemwogopa.

Basi usiku huo, mzazi mwenzangu, fanya hivi. Nenda kituoni pamoja na jirani mmoja. Muulize askari wa zamu, kwa heshima, kama jina la mwanao limeandikwa katika OB, na ni kwa kosa gani. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya korti inayofuata ikiwa ni wikendi. Bondi ya polisi hailipiwi hata senti. Ukitozwa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti. Usiposikizwa, mwone OCS, na ukidhulumiwa, IPOA ipo.

Kuuliza si ujinga. Mfundishe mwanao haya leo, kabla mlango haujagongwa.