Je, Wajua? Mahasimu Wawili wa Bahari Wamelala Fort Jesus

Anayeishi Mkomani akitaka kuona masalia ya manowari hana haja ya kusafiri mbali. Ni kupanda matatu tu, kuvuka Daraja la Nyali na kushuka mjini Mombasa. Fort Jesus kuna mizinga miwili ya meli zilizopigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ni wa Königsberg ya Wajerumani, mwingine wa Pegasus ya Waingereza.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa injini. Königsberg ikaishambulia ikiwa mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikufika. Ilikuwa kama kumpiga mtu aliyefungwa mikono. Pegasus ikazama.

Königsberg nayo ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ikaangamizwa Julai 11, 1915. Hapo ndipo kisa kinaponoga, maana mizinga yake kumi yenye mdomo wa milimita 105 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kwenye karakana za reli na kufungwa magurudumu. Jeshi la kamanda Mjerumani von Lettow-Vorbeck likaikokota porini kupigana vita vya nchi kavu. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo kwa mizinga ya Pegasus!

Mzinga mwingine wa Königsberg uko Jinja, Uganda, na mwingine Pretoria. Ukifika Fort Jesus, usikimbilie kupiga picha. Tazama kwanza unene wa chuma cha mzinga wa Königsberg, kisha fikiria wapagazi waliouvuta kwa kamba.