Masafa, Muda na Saa: Ufafanuzi wa Safari ya Ndege Baina ya Nairobi na New York

Aghalabu mtu akiulizwa umbali wa mji fulani hujibu kwa kutaja muda, kwa mfano, "ni mwendo wa siku mbili." Jibu hilo lilitosha enzi za safari za miguu na majahazi. Katika safari ya ndege, hata hivyo, masafa na muda havina budi kutenganishwa. Makala haya yanafafanua tofauti hiyo, na namna ya kuieleza kwa Kiswahili, kwa kurejelea safari ya moja kwa moja baina ya Nairobi na New York iliyoanzishwa na shirika la Kenya Airways mnamo Oktoba 2018.

Masafa baina ya miji hii miwili ni takriban kilomita 11,800. Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia fupi kabisa huonekana kama upinde katika ramani bapa. Ndege kubwa ya abiria huenda kasi ya takriban kilomita 900 kwa saa. Tukigawanya, tunapata saa 13 hivi. Muda halisi lakini hubadilika. Kuelekea New York, ndege hukabiliana na pepo za juu zivumazo kutoka magharibi, nayo safari huchukua takriban saa 15. Wakati wa kurudi pepo hizo huisukuma, na muda hupungua ilhali masafa ni yale yale.

Utata mkubwa zaidi umo katika saa. Tuchukue mfano wa tiketi ya mwezi wa Januari: kuondoka Nairobi Jumanne 00:30, kufika New York Jumanne 07:30. Msomaji wa haraka atasema kwamba safari ni ya saa saba. Hilo si kweli, kwani kila saa huandikwa kwa kufuata majira ya mahali husika. Mwezi huo New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Saba kujumlisha nane ni kumi na tano. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba, Wamarekani wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele, tofauti huwa saa saba.

Mfasiri wa tiketi hiyo ana kazi mbili. Kwanza, abadilishe tarakimu: 00:30 ni saa sita na nusu usiku, na 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. Pili, aitaje siku bila utata. Katika hesabu ya jadi ya Waswahili, siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Jumanne hutangulia mchana wake. Wasemaji wengi wa leo, kinyume chake, huelewa usiku unaofuata mchana huo. Msafiri wa aina hii akiambiwa "Jumanne, saa sita na nusu usiku", atafika uwanjani siku nzima baada ya ndege kuondoka. Kauli "usiku wa kuamkia Jumanne" inaondoa utata huo kwa wote.

Aidha, neno "saa" hutaja wakati na pia muda. Badala ya kukimbilia umbo "masaa", linalopingwa na watetezi wa usanifu, yafaa kuandika "muda wa saa saba" panapokusudiwa muda, na "saa saba mchana" au "saa saba usiku" panapokusudiwa wakati. Kwa kuhitimisha, Kiswahili kina nyenzo zote za kueleza safari hii kwa usahihi. Lililobaki ni mfasiri kuzitumia kabla ya msafiri kufunga mizigo.