Paneer ya Kitale, maziwa ya Bokoli na risiti isiyopatikana

Katika jiko la mkahawa wa Kihindi mjini Kitale, maziwa yakichemka mpishi huyakamulia ndimu, hungoja yagande, kisha huyafunga kwa kitambaa cheupe na kuyawekea jiwe juu. Lita sita au saba hutoa kilo moja hivi ya paneer. Ukiyafuata maziwa hayo nyuma, utayakuta yamefungwa kwenye pikipiki kabla ya jua kuchomoza, yametoka vijiji vya upande wa Bokoli, yakapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Mkulima aliyeyakama huenda hajawahi kuketi katika mkahawa huo. Hata hivyo biashara hii ni yake pia, na sasa inamponyoka.

Chakula cha Kihindi si kigeni huku. Reli kutoka Mombasa ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua zaidi ya 30,000 waliotoka India. Wengi wao walirudi kwao, lakini nyuma yao walikuja wenye maduka, wakafuata njia za reli hadi miji ya magharibi. Tawi la Kitale lilifunguliwa 1926. Webuye, wakati huo ikiitwa Broderick Falls, ikawa kituo kwenye reli ya kwenda Uganda. Sheria za 1967 ziliwafungia milango ya biashara za miji midogo Wahindi wengi wasio raia, wakahama, ila chapati, sambusa na chai ya tangawizi zilibaki. Miaka ya sabini kiwanda cha karatasi cha Webuye kikaleta mafundi wengine kutoka India, na kilipozimwa 2009 meza nyingi za mji huo zilikosa walaji.

Kwa hiyo leo kuna soko la ngazi mbili. Chini ni hoteli za kawaida, kama zile za Bokoli, ambako chapati kwa ndengu ni chakula cha kila siku wala hakuna anayekiita cha Kihindi. Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa tohara ya Wabukusu, watengenezaji chapati hukesha wakisukuma unga. Juu ni mikahawa michache ya Kitale na Bungoma yenye tanuri la naan, biriani na kuku wa masala. Wateja wake ni watumishi wa kaunti, wenye mashirika, wazazi wanaosherehekea mahafali, na wasafiri wa barabara ya Malaba. Ngazi hiyo ya juu ndiyo inayolalamika.

Mwenye mkahawa mmoja mjini Bungoma aliomba asitajwe kwa kuwa faili yake ya ushuru bado ina maswali. Alitufungulia daftari hata kabla ya kutuagizia chai. Kando ya kila ununuzi ameweka alama: mstari kwa kitu chenye risiti ya kielektroniki, duara kwa kisicho nayo. Ukurasa ulijaa duara: maziwa, kuku wa kienyeji, dania, nyanya, tangawizi, pilipili. Mistari ilikuwa michache: mchele wa basmati, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, gesi.

Hoja yake ni hii. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na risiti hiyo haihesabiwi wakati wa kupiga hesabu ya kodi. Yeye ana kampuni, na kampuni hulipa asilimia 30 ya faida. Tuseme mwezi huu amenunua maziwa na kuku wa shilingi 100,000 kutoka kwa wakulima wasiotoa risiti hiyo. Pesa hizo zimekwenda na chakula kimeliwa, lakini kwenye vitabu zinabaki kama faida, naye anadaiwa 30,000 juu yake. Njia nyingine iliyopo kwa wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka ni kulipa asilimia 3 ya mauzo yote. Hiyo, anasema, humkata hata mwezi ambao amepata hasara. Juu ya bili bado kuna ushuru wa thamani wa asilimia 16, ilhali jirani yake anayepika biriani bila kusajiliwa, kwa kuwa mauzo yake hayafiki milioni 5, hamtozi mteja hata senti.

Afisa mmoja wa ushuru katika eneo hili anasema kilio hicho kimepitwa na wakati. Tarakimu anayoirudia ni hiyohiyo milioni 5. Tangu sheria ibadilishwe mwishoni mwa 2024, mkulima au mfanyabiashara mdogo asiyefikisha mauzo hayo hahitaji kutoa risiti. Mnunuzi ndiye humwandikia. Kwenye karatasi, jambo limekwisha. Tulipomuuliza ni wauza maziwa wangapi wa Bungoma na Trans Nzoia walioandikiwa hivyo, hakuwa na idadi ya kutupa. Alisema tu kwamba wengi wanajiunga.

Mwenye mkahawa anaeleza kwa nini hawajiungi. Ili amwandikie mtu, anahitaji PIN yake ya ushuru. Mama aliyeteremsha ndoo mbili alfajiri akiulizwa PIN, husikia kwamba serikali inakuja kumfuata zizini. Hatagomba. Kesho yake maziwa yatateremkia hoteli ya chai mtaa wa pili, wanakolipa taslimu bila kuuliza. Ninamwamini katika hili kuliko ninavyoiamini ile kauli ya wengi kujiunga, kwa sababu wauza maziwa wawili niliozungumza nao kando ya barabara walisema vivyo hivyo, na mmoja alifunga mazungumzo mara tu aliposikia neno ushuru.

Maafisa hutaja pia nafuu ya gesi, iliyoondolewa ushuru wa thamani Julai 2023. Ni kweli, na majiko ya kukaangia yamenufaika. Tanuri la naan, lakini, hula makaa, nayo makaa hayajashuka bei.

Baadhi ya mikahawa sasa inanunua kuku wa barafu na maziwa ya pakiti kutoka maduka makubwa, kwa ajili ya risiti. Mpishi wa Kitale analalamika kwamba maziwa ya muda mrefu hayagandi vizuri. Paneer inavunjika mkononi. Huenda wamiliki wakarudi kwa mkulima wateja wakianza kuonja tofauti. Huenda pia wasirudi, ikiwa hesabu ya mwisho wa mwaka itakuwa na uzito zaidi kuliko ladha. Kwa sasa, maziwa ya Bokoli yanayoachwa na mikahawa yanaishia kwenye birika za chai, kwa bei anayoitaja mnunuzi.