Picha Zinazorukaruka: Zilainishwe, lakini Asili Itunzwe

Filamu haina mwendo ndani yake. Mtu akiuinua ukanda wa filamu kwenye mwanga ataona picha mnato tu, zimepangwa moja chini ya nyingine kama shanga katika uzi. Mwendo huzaliwa machoni na akilini mwa mtazamaji, picha hizo zinapopitishwa upesi mbele yake. Zikiwa nyingi katika kila sekunde, mtu huonekana akitembea kama kawaida. Zikiwa chache, huonekana akirukaruka kama kikaragosi kinachovutwa kwa kamba.

Jambo hili linazigusa familia nyingi za pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Tangu mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, na zaidi baada ya Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021, maelfu ya watu waliyahama makazi yao. Wengine walielekea Pemba, na wengine walivuka Mto Ruvuma kuingia Tanzania. Anayekimbia kuokoa roho hana nafasi ya kubeba albamu. Hivyo kumbukumbu ya arusi, ya ngoma ya tufo au ya mzee aliyekwisha fariki huweza kuwa imebaki ndani ya simu tu: video fupi, iliyopigwa usiku kwa taa hafifu, na mwendo wake unakwamakwama. Je, yaweza kulainishwa bila kuharibiwa?

KUTOKA PICHA 16 HADI 25

Katika zama za sinema bubu, filamu nyingi zilipigwa kwa picha 16 hadi 20 kwa sekunde, na wapiga picha wengi walizungusha kamera kwa mkono. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kipimo kiliwekwa kuwa picha 24. Televisheni za Afrika Mashariki zilifuata mtindo wa picha 25, na filamu ndogo ya nyumbani iitwayo Super 8, iliyotoka mwaka 1965, hupigwa kwa picha 18.

Msumbiji nayo ina historia yake ya filamu. Baada ya uhuru wa mwaka 1975, serikali iliunda Taasisi ya Taifa ya Sinema, na mwaka 1978 likaanza jarida la filamu liitwalo Kuxa Kanema, ambalo magari ya sinema yalilipeleka kwa wananchi waliokuwa hawajapata kuona filamu. Mwaka huohuo Mfaransa Jean Rouch aliwafundisha vijana wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kutumia Super 8. Mwaka 1979 Ruy Guerra alitengeneza filamu kuhusu mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, akiwaonyesha wananchi wa Mueda wenyewe wakiigiza msiba wao.

Sasa tuseme ukanda wa picha 18 umepitishwa katika mashine ya picha 24. Tukio la dakika moja litakwisha kwa sekunde 45, na wazee wa heshima wataonekana wakikimbia kama kuku. Ili kuirudisha kasi yake, fundi huirudia picha moja katika kila tatu, ili tatu ziwe nne. Kasi hurekebika, lakini jicho kali litaona mguto mdogo pale picha inaporudiwa.

NJIA ZA KULAINISHA

Njia ya kwanza ni hiyo ya kurudia. Ni salama, kwa kuwa haiongezi kitu ambacho hakikuwapo, lakini hailainishi mwendo.

Njia ya pili ni kuchanganya picha mbili jirani ili kupata ya tatu ya katikati. Hufaa kwa mwendo wa polepole. Kwa mwendo wa haraka huleta mizimu: mchezaji mmoja huonekana ana mikono minne.

Njia ya tatu ni ya kompyuta. Programu huigawa picha katika vipande vidogo, hutafuta kila kipande kimehamia wapi katika picha inayofuata, kisha huchora picha mpya kikiwa nusu ya njia. Mwaka 2018 Peter Jackson alionyesha filamu ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, ambamo picha za zamani za kasi mbalimbali ziliongezwa kwa kompyuta hadi kufikia 24 kwa sekunde. Vita hivyo vilifika hata kwenye mlango wa Ruvuma, Wareno walipoitwaa Kionga kutoka kwa Wajerumani mwezi Aprili 1916.

Hata hivyo, kompyuta haijui, inakisia. Tanga la jahazi linapopita mbele ya mikoko, mashine haijui ni majani gani yaliyo nyuma yake. Mawimbi, mvua na makuti yanayopepea huichanganya. Aidha, safu ya akina mama wa tufo waliovaa kanga za sare huipoteza kabisa, kwani ua moja la kanga hufanana na jingine, na mkono wa mmoja huweza kuungwa na bega la mwenziwe.

UKWELI WA PICHA

Mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde husogea mita mbili kati ya picha na picha, ikiwa kamera inapiga picha 10 tu kwa sekunde. Kwa picha 25 husogea sentimita 80. Yaliyotokea katika mwanya huo kamera haikuyaona. Picha inayojazwa na mashine ni ya kubuni, hata ikipendeza namna gani. Kwa sebule si neno. Kwa askari au polisi anayechunguza mkono wa nani ulikuwa wapi, picha ya kubuni haiwezi kuwa shahidi. Kwa familia pia, uso wa marehemu uliochorwa na mashine si uso wake.

MASHAURI KWA NYUMBA

1. Kabla ya kurekebisha chochote, nakili video ya asili na uiweke mahali pawili tofauti. Asili isiguswe.

2. Toleo lililolainishwa lipewe jina lake, na iandikwe kuwa limerekebishwa.

3. Ongeza mwanga kabla ya kupiga. Gizani simu nyingi hupunguza idadi ya picha ili zipate mwanga wa kutosha. Hapo ndipo mwendo unapokatika.

4. Tuliza mkono, au egemeza simu ukutani. Ukiigeuza, igeuze polepole.

5. Simu ikiruhusu, chagua picha 25 au 50 kwa sekunde unapopiga chini ya taa za umeme, kwa kuwa umeme wetu ni wa mizunguko 50 na taa nyingi humetameta kwa kuufuata.

6. Anayeitumia jamaa video kwa njia ya simu akumbuke kuwa huduma nyingi huibana na kuipunguzia ubora. Asifute iliyo kwake kwa kudhani kuwa iliyotumwa ni sawa nayo.

Video inayokwamakwama bado ni kumbukumbu ya kweli. Ulainishaji waweza kufanywa leo, kesho, au miaka kumi ijayo kwa mashine bora zaidi. Lakini asili ikishafutwa, hakuna fundi atakayeirudisha.