Hela ya Kadi Ikiingia, Usiishangilie Kabla Hujaisoma Hii

Wafanyabiashara wenzangu, swali linalojirudia sana ni hili: "Nina mteja yuko nje, hana M-Pesa, anataka kulipa kwa kadi. Nafanyaje?"

Jibu la haraka: unafungua akaunti ya kupokea malipo kwenye benki yako au kampuni za malipo kama Pesapal na DPO. Kwa kawaida wataomba TIN, leseni ya biashara, kitambulisho na akaunti ya benki. Ukikubaliwa, unaweza kumtumia mteja linki, anajaza kadi yake, analipa. Basi.

Hiyo ndo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye kuhakikisha hela ikishaingia, inabaki.

Maana kadi ina jambo moja ambalo wengi hatuambiwi. Mwenye kadi anaweza kwenda benki kwake akasema "sikununua mimi" au "mzigo haujanifikia". Kwa Visa na Mastercard, malalamiko mengi yanaruhusiwa hadi siku 120. Hiyo ni kama miezi minne! Ukishindwa kujitetea, anarudishiwa hela yake na wewe unakatwa, hata kama kitenge kilishafika Muscat na kimeshavaliwa harusini. Mzigo umeenda, hela imeenda.

Usiogope. Fanya hivi:

1. JIULIZE KAMA UNAIHITAJI
Kama wateja wako wote wako Mbagala, Mwanza na Dodoma na wanalipa kwa Lipa Namba, tulia hapo hapo. Kadi inakufaa kama unauza kwa ndugu zetu walioko Uarabuni, Ulaya na Marekani, au kwa watalii.

2. PIGA HESABU YA MAKATO
Makato yanahesabiwa kwenye bei yote, sio kwenye faida. Tuseme unakatwa asilimia 3.5. Umeuza vitenge vya 120,000. Mtaji 90,000, kufungasha na bodaboda 10,000. Unajua una faida ya 20,000, kumbe makato ni 4,200, umebaki na 15,800. Zaidi ya moja ya tano ya faida yako imeondoka kimya kimya.
Na ukiongeza 4,200 kwenye bei bado hupati 120,000 kamili, kwa sababu hiyo nyongeza nayo inakatwa. Chukua 120,000 gawa kwa 0.965. Unapata kama 124,352. Weka 124,500, umemaliza.
Uliza pia hela inafika benki baada ya siku ngapi. Usiende Kariakoo kuchukua mzigo mpya kwa hela ambayo haijakufikia.

3. USIPOKEE NAMBA ZA KADI KWENYE WHATSAPP
Kuna wateja wanapiga picha kadi mbele na nyuma wanakutumia, "nikate wewe tu dada". Kataa. Mwambie aifute, mpe linki. Zile namba tatu za nyuma ya kadi hazitakiwi kukaa kwenye simu ya mtu yeyote. Kadi yake ikija kuibiwa hela, wa kwanza kushukiwa ni wewe.
Na akikutumia picha ya skrini kwamba ameshalipa, ingia kwenye akaunti yako ya malipo uhakikishe mwenyewe.

4. MJUE MWIZI WA KADI
Oda kubwa ghafla kutoka kwa mtu usiyemjua. Haulizi saizi, haulizi rangi, ana haraka. Kadi ya kwanza imekataa, ya pili imekataa, ya tatu imekubali. Halafu anasema: "Nimelipa zaidi, hiyo iliyozidi mtumie msafirishaji wangu kwa simu." Simama hapo! Kadi inaweza kuwa ya wizi. Mwenyewe akilalamika, utadaiwa hela yote, na ile uliyotuma kwa simu hutaiona tena.
Sheria ni moja: hela ya kurudisha inarudi kwenye kadi ile ile iliyolipa, kupitia kampuni ile ile ya malipo.

5. TUNZA USHAHIDI
Kwa kila oda tunza meseji za makubaliano, anwani, picha ya mzigo ukiwa umefungwa, risiti ya EMS au DHL na namba ya kufuatilia mzigo. Usifute chochote kabla siku 120 hazijapita. Ukipata taarifa ya malalamiko, jibu ndani ya muda uliopewa. Ukikaa kimya umeshashindwa.

6. JINA LIFANANE
Mteja anakujua kwa jina la duka lako la Instagram. Akiangalia taarifa ya benki anakuta jina asilolijua, anadhani ameibiwa, analalamika. Uliza kampuni yako jina gani litaonekana, kisha mwandikie mteja mapema: "Kwenye benki yako utaona jina hili."

Kama unaanza, anza na oda ndogo ndogo na wateja unaowafahamu mpaka uzoee. Mteja wa nje akiridhika anawaletea habari shoga zake wote. Lakini hakuna oda tamu kiasi cha kukufanya uache kuikagua.

Wewe unauza nini, na wateja wako wa nje wanakulipaje? Tuambie hapa chini, tujifunze pamoja. Na kama kuna mwenzako ameanza kutuma mizigo nje, mtumie hii leo.