Mwili Mzito, Kalori Nyingi: Hesabu ya Mazoezi kwa Kilo Zako

Marafiki wawili hutembea pamoja kila alfajiri. Njia ni moja, mwendo ni mmoja, na kwa saa nzima wanapiga soga. Mmoja ana kilo 60, mwenzake ana 90. Wakirudi nyumbani, wa kwanza atakuwa ametumia takriban kalori 210 na wa pili takriban 315. Si kwamba mmoja amejituma kumshinda mwenzake. Tofauti imeletwa na mzigo waliobeba, yaani miili yao wenyewe.

Katika kila hatua, misuli huunyanyua mwili kidogo, huusukuma mbele na kuuzuia usianguke. Kazi hiyo inataka nishati, na misuli huipata kwa kuunguza sukari na mafuta kwa msaada wa oksijeni. Mwili ukizidi uzito, kazi nayo inazidi. Mtu wa kilo 80 anayefuatana na wa kilo 60 ni kama aliyejitwika ndoo ya maji ya lita 20 asiyoweza kuitua.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu aliyetulia kitini hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Akitembea kwa mwendo wa kilomita 5 hivi kwa saa, matumizi hupanda hadi kama mara tatu na nusu. Basi zidisha kilo zako kwa 3.5, utapata makadirio ya saa moja. Kumbuka tu kwamba katika zile kalori 315 za mwenye kilo 90, kalori 90 angezitumia hata kama angebaki kitini.

Kwa kukimbia, makadirio ni kalori 1 kwa kila kilo kwa kila kilomita, na kasi haibadilishi sana jumla hiyo. Anayekimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi, kilomita 21.1, hutumia karibu kalori 1,270 akiwa na kilo 60, na karibu 1,900 akiwa na kilo 90. Hapo miinuko bado haijahesabiwa, na kwenye mlima kila kilo hudai haki yake.

Si kila zoezi linalomtoza mnene kiasi hicho. Kwenye baiskeli, tandiko ndilo linalobeba mwili, na katika barabara tambarare kipingamizi kikubwa ni upepo. Uzito hurudi kudai pale kilima kinapoanza. Ndani ya maji mwili huelea, na mafuta huelea vizuri kuliko misuli, kwa hiyo ufundi wa kuogelea huamua mengi kuliko mizani. Ndiyo maana mashine ya jimu isiyokuuliza uzito wako haistahili kuaminiwa sana: namba inayoonyesha ni ya mtu wa kukadiria, si yako.

Hata kanuni ya kilo ina mipaka, na ushahidi mmojawapo ulitoka Kenya. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kiluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Mzigo ulipokuwa hauzidi asilimia 20 ya uzito wa mwili, oksijeni waliyotumia haikuongezeka. Ulipozidi hapo, ndipo gharama ilipoanza kupanda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba mwendo wao huokoa nishati ambayo wengine huipoteza mwili unapopanda na kushuka katika kila hatua. Hata hivyo, watafiti waliopima wanawake wa Afrika Kusini baadaye hawakuiona nafuu hiyo kwa kila mbebaji. Mazoea na mtindo wa kutembea, basi, vinaweza kuipunguza bei ya mzigo.

Kwa anayetaka kupungua, hesabu hii ina habari isiyopendeza. Akishuka kutoka kilo 90 hadi 80, matembezi yaleyale ya saa moja humtoza kalori 280. Upungufu wa kalori 35 ni sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari, lakini kwa mwezi unapita 1,000. Isitoshe, mwili uliopungua hutumia kidogo hata ukiwa usingizini. Mizani ikianza kugoma baada ya miezi kadhaa, si lazima awe amelegea. Ni mzigo wake uliopungua, nayo bei ya kuubeba imeshuka.

Kuongeza kilomita pekee huenda kusitoshe. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, wawindaji wa maeneo ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Hutembea mwendo mrefu kila siku, lakini ukubwa wa miili ulipozingatiwa, kalori zao za siku nzima zilikaribiana na za watu wa nchi za Magharibi. Pontzer anaeleza kwamba mwili unaofanyishwa kazi nyingi hubana matumizi kwingine. Kwa hiyo kilo hupunguzwa zaidi kwenye sahani, huku mazoezi yakisaidia zisirudi.

Mwenye uzito mkubwa aanze kwa kutembea, kuendesha baiskeli au kuogelea ili kuyaepusha magoti na kishindo cha mbio, na anayetumia dawa za kisukari au anayebanwa kifua amwone daktari kwanza. Faida za moyo, shinikizo la damu na sukari huanza kuonekana hata kabla mizani haijasogea. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na dakika hizo halikuzigawa kwa kilo.