Fahamu: Ulijifungua kwa upasuaji, je, unaweza kuzaa kawaida?

Wajawazito wengi bado huambiwa kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima. Si kweli. Wanawake wanaokubaliwa na daktari kujaribu, takribani 60 hadi 80 kati ya 100 hujifungua kwa njia ya kawaida.

Jambo linalosaidia kuliko yote ni kuwahi kuzaa kawaida, iwe kabla ya upasuaji au baada yake. Sababu ya upasuaji wa kwanza nayo ina uzito. Kama mtoto alitanguliza makalio, huenda safari hii akageuka vizuri. Kama njia haikufunguka au mtoto alikwama, matumaini hupungua, ingawa hayaishi. Uchungu unaoanza wenyewe ni bora kuliko wa kuanzishiwa. Uzito mkubwa wa mama au wa mtoto hupunguza nafasi.

Hatari inayoogopwa ni kovu la mji wa mimba kuachia. Hutokea kwa takribani mama 1 kati ya 200, na huongezeka mimba zikikaribiana mno. Kovu la wima sehemu ya juu ya mji wa mimba ni hatari zaidi, na mama huyo hashauriwi kujaribu. Mshono wa tumboni hauonyeshi ulivyokatwa ndani, kwa hiyo tunza karatasi za upasuaji na uzipeleke kliniki mapema.

Usijaribu nyumbani. Jifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, saa zote.